Mzunguko wa mazao bustanini: hamisha ukoo, si zao tu

Ukitoa nyanya ukaweka hoho, kisha bilinganya, hujafanya mzunguko wowote. Yote ni ukoo mmoja na yanaugua magonjwa yale yale. Mpango huu ni wa bustani ya mita 20 kwa 20 inayolimwa misimu miwili kwa mwaka.

1. Panga mazao kwa koo

Nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili, hoho na viazi mviringo ni kundi moja. Mnavu nao umo, hata ule unaojiotea. Kabichi huenda na sukuma wiki, chainizi na figili. Maharage huenda na kunde, choroko na njegere. Mahindi na vitunguu kila kimoja kina ukoo wake.

2. Gawa vipande vinne

Kila kipande kiwe mita 10 kwa 10. Pigilia vigingi pembeni, chora ramani kwenye daftari na uandike zao na tarehe ya kupanda. Kumbukumbu ya kichwani haifiki msimu wa tatu.

3. Fuata mfuatano

Kila kipande kipitie nyanya, mahindi, maharage, kabichi, halafu nyanya tena. Hapo nyanya zinarudi baada ya miaka miwili. Anayemwagilia na kuvuna mara tatu kwa mwaka atazirudisha baada ya miezi 16 hivi, mapema mno. Aongeze msimu wa vitunguu na mwingine wa mahindi.

Maharage yakikomaa, kata mashina uache mizizi ardhini. Usitegemee mbolea nyingi kutoka humo, maana sehemu kubwa ya naitrojeni (kirutubisho ambacho maharage hutengeneza) imeondoka na punje. Kabla ya kabichi weka samadi iliyooza vizuri, kilo 200 kwa kipande.

4. Kagua mizizi ya maharage

Yanapotoa maua, chimbua mche mmoja taratibu (ukiuvuta, vinundu, yaani vivimbe vidogo vinavyotengeneza naitrojeni, vinabaki ardhini) na uoshe mizizi. Kinundu kizuri kimeshikilia ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa kidole. Kipasue kwa ukucha: wekundu ndani maana yake kinafanya kazi.

Uvimbe usiobanduka, yaani mzizi wenyewe ndio umevimba, ni minyoo fundo, minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi. Maharage na nyanya zote huwalisha. Kwenye kipande hicho panda marejea (mmea wa jamii ya kunde unaofukiwa kuwa mbolea) badala ya maharage, yafyeke yanapoanza kuchanua kabla mashina hayajawa magumu, yafukie, kisha subiri wiki tatu ndipo upande.

5. Mnyauko bakteria hauvumilii mzunguko mfupi

Mche wa nyanya ukinyauka ghafla ungali wa kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi na ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha ya chini iguse maji bila kutikiswa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni wenyewe.

Ukoo wa nyanya usirudi hapo kwa miaka mitatu au zaidi. Panda mahindi na vitunguu, na ng'oa maotea ya nyanya na mnavu kila unapopalilia. Wengi hukosea hapa, wanabadilisha zao huku wakiulea ugonjwa kwenye magugu. Miche iliyougua ichomwe, isiingie kwenye mboji. Chimba mfereji ili maji ya kipande hicho yasitiririkie vingine, kilime mwisho, na uoshe jembe na viatu kabla ya kutoka.