Jinsi ya kusoma rekodi ya bingwa wa gofu wa kike bila kudanganywa na idadi ya mataji

Ubishi wa nani mwanamke mkali kuliko wote kwenye gofu, makedi (wabeba mifuko ya fimbo za gofu) wa hapa Arusha wanaumaliza kwa namba moja tu, ana mataji mangapi. Chalii mmoja anatoa simu anasoma kwa sauti, Kathy Whitworth mataji 88, Mickey Wright 82, Annika Sörenstam 72, basi kesi imefungwa twendeni nyumbani. Sa ngoja, haijafungwa. Rekodi ya mcheza gofu ina namba nyingi na kila moja ina mtego wake, na kama una binti anaanza kushika fimbo pale Gymkhana au Moshi Club na unamtafutia mtu wa kumfuatilia, ni vizuri ujue kuzisoma. Mfano ntamtumia Annika, Mswidi, mzaliwa wa 1970, aliestaafu 2008, maana kwake vipengele vyote vipo.

Anza na kuuliza hayo mataji ni ya wapi. Ile 72 ni ya LPGA peke yake, yaani mashindano ya wanawake wa kulipwa yenye makao Marekani. Ya Ulaya na kwingineko hayamo humo, ndo maana sehemu nyingine utakuta wameandika 90 na zaidi, wala hakuna aliedanganya, wamehesabu vikapu tofauti. Ukilinganisha watu wawili hakikisha wote umewatoa kikapu kimoja.

Afu uliza alicheza mara ngapi. Hili watu wanaliruka kabisa na mi naona ndo tamu kuliko yote. Gofu sio Simba na Yanga kwamba wanaingia wawili na mmoja anatoka na furaha, shindano moja la LPGA linaweza kuwa na watu zaidi ya mia na wote ni wa kulipwa, anaebeba ni mmoja. Mtu akishinda mara 2 kwa msimu anaitwa hatari. Sasa Annika mwaka 2002 aliingia mashindano 23 ya LPGA akabeba 11. Mwaka 2005 aliingia 20 akabeba 10, nusu kwa nusu, yaani wenzake wote wanaamka asubuhi wanajua kwamba wiki hii akija huyu dada nafasi inagawanywa mara mbili, nusu yake, nusu sisi wengine wote. Hiyo huwezi kuiona kwenye "72" ikiwa imekaa peke yake.

Tukija kwenye meja, yale mataji makubwa, hapa kaa chini kabisa. Annika anazo 10: US Women's Open tatu (1995, 1996, 2006), ile ya California ambayo enzi hizo ilikuwa inaitwa Nabisco tatu (2001, 2002, 2005), LPGA Championship tatu mfululizo (2003, 2004, 2005) na British Open moja, 2003. Zote nne za wakati wake alizigusa, na hiyo ya Uingereza ndo ilimalizia seti. Mtego wake ni kwamba orodha ya meja kwa wanawake imebadilika badilika sana. Patty Berg anaongoza akiwa na 15, lakini nyingi ni Titleholders na Western Open ambazo leo hazipo kabisa. British Open imeanza kuhesabika meja ya LPGA mwaka 2001 tu, ilichukua nafasi ya du Maurier ya Canada. Evian ya Ufaransa imeingia 2013, Annika keshastaafu, kwaiyo wadada wa sasa wana meja tano kwa mwaka wakati yeye alikuwa na nne. Ukisoma "meja 10" tafuta na mwaka, bila mwaka hiyo namba inaelea tu hewani.

Kuna njia wenyewe LPGA wanatumia kupima nani anastahili kuingia kwenye Jumba lao la Heshima, na uzuri wake unaweza kuipiga kwenye kikokotoo cha simu ukiwa kwenye daladala ya Usa River. Ushindi wa kawaida pointi 1, meja pointi 2, kuwa mchezaji bora wa mwaka pointi 1, kuchukua Vare Trophy (hii ni ya mwenye wastani mdogo wa mikwaju kwa msimu) pointi 1, na siku hizi dhahabu ya Olimpiki nayo pointi 1. Zinatakiwa 27. Mchukue Lydia Ko wa New Zealand ilivokuwa kabla ya Olimpiki ya Paris 2024: mataji 20, mawili kati ya hayo ni meja, kwaiyo 18 mara 1 ni 18, jumlisha 2 mara 2 ni 4, tuko 22. Mchezaji bora mara 2, tuko 24. Vare mara 2, tuko 26. Pointi moja! Akaenda Paris akachukua dhahabu, 27, akaingia akiwa na umri wa miaka 27 hiyo hiyo, na mwezi huo huo wa Agosti akabeba na British Open pale St Andrews.

Mfanyie na Annika. Ushindi wa kawaida 62, meja 10 zinampa 20, tuko 82, mchezaji bora mara 8, Vare mara 6, jumla 96. Mara tatu na nusu ya kinachotakiwa.

Lakini ukimpigia na Whitworth kwa kanuni hiyo hiyo, mataji 88 yakiwemo meja 6, mchezaji bora mara 7, Vare mara 7, unapata 108, na yule chalii wa simu ataruka juu. Mwachie aruke kwanza afu mwambie na hii, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka imeanza 1966, kwaiyo Mickey Wright, ambae 1963 peke yake alibeba mataji 13 na ana meja 13, ile miaka yake ya moto wote hiyo pointi haikuwepo hata ya kugombea. Na Annika alikuwa anacheza wakati Se Ri Pak ameshafungulia Wakorea mlango na Karrie Webb wa Australia yupo kwenye ubora wake, dunia nzima imejaa pale. Mi kura yangu inaenda kwa Annika kwa sababu hiyo, wewe ukimpa Wright sitakugombeza, Whitworth tutabishana kidogo.

Hela? Isome haraka upite. Mwaka 2001 Annika alikuwa wa kwanza LPGA kuvuka dola milioni 2 kwa msimu mmoja. Mwaka 2024 Yuka Saso alishinda US Women's Open, shindano moja tu, akalipwa dola milioni 2.4. Hela inakwambia wadhamini wa enzi hiyo walikuwaje, mchezaji haikwambii.

Raundi moja ya maajabu nayo isome kwa akili. Machi 2001 kule Phoenix Annika alipiga mikwaju 59 kwa siku moja (kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndo mshindi), mwanamke wa kwanza kufanya hivo LPGA. Kiwango cha uwanja kilikuwa mikwaju 72, akaanzia shimo la 10 na kupiga birdi nane mfululizo, yaani kila shimo anamaliza kwa mkwaju mmoja pungufu ya kiwango, mpaka anatoka ana birdi 13 na hana bogi (kuzidisha kiwango cha shimo kwa mkwaju mmoja) hata moja. Watu wanaishia hapo. Sa angalia siku zote nne: 65, 59, 69, 68, jumla 261, na alimzidi Se Ri Pak kwa mikwaju 2 tu! Ile 59 isingekuwepo angekuwa wa pili au chini zaidi. Ndo maana nasema usisome siku moja, soma shindano zima. Na usichukue 59 ya Phoenix ukailinganisha na 70 ya hapa kwetu karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambapo mpira unaruka mbali zaidi, afu mashimo ni 9 unayazunguka mara mbili.

Kuna mstari mmoja utakutana nao kwenye rekodi yake unaonekana kama doa, Mei 2003 alicheza na wanaume kwenye PGA pale Colonial, Texas, akapiga 71 na 74 akatoka kwenye mchujo. Kabla yake mwanamke wa mwisho kucheza PGA alikuwa Babe Zaharias mwaka 1945, miaka 58 hapo katikati. Na mwaka huo huo baada ya Colonial alienda kubeba zile meja mbili, LPGA Championship na British Open.

Ukirudi nyumbani kanuni za LPGA weka pembeni, maana wadada wetu wengi wanaotajwa, hata Madina Iddi wa hapa hapa Arusha, wamejulikana kama wachezaji wa ridhaa na sio wa kulipwa. Hapa cha kuangalia ni grosi na neti. Grosi ni mikwaju yote aliyopiga, neti ni baada ya kutoa handikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake. Tuseme mmoja kapiga 85 ana handikapu 20, neti yake 65. Mwingine kapiga 74 ana handikapu 2, neti 72. Kwa neti kombe anachukua wa kwanza, mkali ni wa pili. Kwaiyo ukisikia mtu kashinda shindano la klabu wikiendi, kabla hujampigia binti picha nae, nenda kwenye ubao wa matokeo uangalie jina lake limekaa safu gani.