Msimu wa kwanza wa timu ya roboti: mwongozo kwa walimu walezi wa Kigoma

Mwalimu mlezi anayeanzisha timu ya roboti katika shule ya Kigoma Mjini au Ujiji kwa kawaida huanza kwa kuwazia fedha. Fedha ni tatizo la kweli, lakini kilichotuangusha sisi katika msimu wa kwanza kilikuwa muda: roboti yetu ilikamilika siku nne kabla ya safari ya mashindano, na wanafunzi wakaingia uwanjani wakiwa hawajawahi kuiendesha kwa dakika mbili mfululizo.

Soma kijitabu cha kanuni chote kabla hujanunua hata nati moja. Nachukua mfano wa FIRST Tech Challenge, mashindano ya kimataifa ya roboti kwa wanafunzi. Humo roboti, kabla ya pambano kuanza, lazima ienee ndani ya mchemraba wa inchi 18 kila upande, yaani karibu sentimita 46, na uwanja ni mraba wa futi 12 kila upande, yaani karibu mita 3.66. Pambano lina sekunde 30 ambazo roboti hujiendesha yenyewe kwa programu, kisha dakika 2 za kuongozwa na wanafunzi. Timu mbili hushirikiana dhidi ya nyingine mbili, kwa hiyo unayepambana naye asubuhi anaweza kuwa mwenzako mchana. Mwombeni fundi seremala awatengenezee sanduku lenye kipimo hicho hicho kwa ndani, na kila jioni roboti iingizwe humo, kwa sababu kichwa kimoja cha skrubu kilichochomoza kinatosha kuwakwamisha kwenye ukaguzi.

Vifaa vya umeme viagizwe mapema, maana kutoka Dar es Salaam hadi huku ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na fyuzi ya akiba haisaidii ikiwa bado iko njiani. Mabano na vipande vya alumini havina haja ya kuagizwa mbali. Ulizeni SIDO (shirika la viwanda vidogo), VETA (mamlaka ya ufundi stadi) au fundi wa karibu, mkiwa na mchoro wenye vipimo.

Lengo la wiki tatu za kwanza liwe moja tu: fremu yenye magurudumu inayokwenda mbele, kurudi nyuma na kukata kona. Wanafunzi watadai mkono wa kubebea vitu; wakatalie kwa upole, kwani mkono hauna kazi juu ya fremu isiyotembea. Pimeni mraba wa mita 3.66 kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, na kila mmoja aendeshe kwa zamu huku mwenzake akishika saa.

Kwenye programu kuna kosa ambalo karibu kila timu changa hulifanya. Wanafunzi huiamuru roboti iende mbele kwa sekunde mbili, nayo inafika mahali pake vizuri asubuhi, lakini ikifika alasiri inaishia nusu ya njia, na wao wanaanza kuchokonoa nyaya zisizo na hatia. Sababu ni betri: volti zikishuka, mota huzunguka polepole, na sekunde mbili zile zile hutoa mwendo mfupi zaidi. Dawa yake ni kuiamuru roboti kwa idadi ya mizunguko ya gurudumu, ambayo kihisi kilichomo ndani ya mota huihesabu, badala ya kuitegemea saa.

Nati hulegea kwa mtikisiko. Tulijifunza kupaka tone la rangi ya kucha linaloshika nati na chuma kwa pamoja. Rangi ikipasuka, unajua mara moja kwamba nati hiyo imezunguka. (Rangi ile ilitoka kwa dada wa mwanafunzi mmoja, naye hajarudishiwa kichupa chake hadi leo.) Plagi za umeme zifungwe kwa tai za plastiki, na wakati wa safari betri ichomolewe na kubebwa kwenye begi la mkononi.

Majaji huwahoji wanafunzi, na mlezi hapaswi kuwajibia. Mwanafunzi mmoja apewe daftari tangu siku ya kwanza, aandike tarehe, kilichojaribiwa na kilichoshindikana, kwa kuwa ukurasa wa gurudumu lililochomoka huwapa mengi zaidi ya kueleza kuliko picha nzuri ya roboti iliyokamilika.

Siku ya mashindano, mtu mmoja awe na kazi ya betri peke yake: kuchaji, kupima volti kwa mita kabla ya kila pambano, na kuweka alama ya chaki kwenye ile iliyokwisha kutumika.