Kutengeneza Mwenyewe Jenereta ya Gari-Nyumba Ukiwa Mwanza

Jenereta iliyofungwa ndani ya gari-nyumba ni mashine mbili katika sanduku moja: injini ndogo, mara nyingi ya petroli, na kizalishi cha umeme kinachozungushwa na injini hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza inapogoma ni hili: je, injini inanguruma lakini umeme hautoki, au injini yenyewe haiwaki? Watu wengi hukimbilia nyaya na koili kwa kuwa kilichokosekana ni umeme, ilhali mara nyingi kosa huwa kwenye betri, mafuta, hewa au oili, na hayo mtu makini mwenye spana, bisibisi na mita ya umeme anaweza kuyashughulikia mwenyewe, awe ameegesha Nyegezi au yuko njiani kuelekea geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti.

Kabla ya kugusa chochote, zima jenereta, iache ipoe kabisa, kisha fungua waya hasi wa betri. Hatua hii isirukwe hata mara moja, kwa sababu jenereta nyingi za magari haya huwashwa kwa kitufe kilichoko ndani, na mtu asiyejua kinachoendelea nje akikibonyeza wakati vidole vyako viko karibu na feni, madhara yake hayarekebishiki. Kagua pia bomba la moshi kwenye kila kiungio. Masizi meusi yaliyojichora pembeni mwa kiungio ni dalili kwamba moshi unavuja, na moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Gasketi iliyopasuka ibadilishwe kabla ya kazi nyingine yoyote, jenereta isijaribiwe ndani ya banda au ua uliozungukwa na kuta ndefu, na isiachwe ikifanya kazi watu wakiwa wamelala garini.

Ikiwa injini haizunguki kabisa unapobonyeza kitufe, rudisha waya wa betri na uanze kupima hapo. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takribani volti 12.6 ikiwa imetulia. Mwombe mwenzako apige stata huku wewe ukiangalia mita; ikishuka chini ya volti 9.6, betri imechoka au nyaya zake hazishiki vizuri. Barabara za vumbi zenye matuta hulegeza nati ya waya wa edhi unaounganisha jenereta na chesisi, na kutu humaliza kazi iliyobaki. Ifungue nati hiyo, safisha chuma kwa brashi ya waya hadi king'ae, kisha ikaze tena.

Injini ikizunguka bila kuwaka, anza na mafuta, na jambo la kwanza ni geji ya tangi. Katika magari-nyumba mengi jenereta hunyonya petroli kutoka tangi lile lile la gari, lakini mrija wake hauishii chini ya tangi. Hukatwa juu zaidi, aghalabu usawa wa robo tangi, ili jenereta isimalize mafuta yote na kumwacha dereva porini. Gari litawaka na kutembea vizuri, na jenereta haitapata hata tone. Ongeza mafuta kwanza, kisha ipe pampu muda wa kujaza mrija kabla ya kupiga stata tena.

Mafuta yakiwa ya kutosha, chunguza ubora wake. Fungua skrubu ya kumwagia iliyoko chini ya bakuli la kabureta na kinga kinachotoka katika chupa ya kioo kisafi. Iache itulie dakika chache mahali penye mwanga. Petroli safi huonekana angavu toka juu hadi chini; ikiwa imechanganyika na maji, utayaona yamejitenga chini, yakitembea kama shanga unapoinamisha chupa. Jambo hili halishangazi kwa petroli iliyonunuliwa kwenye madumu wakati wa masika. Ikiwa rangi imekuwa ya kahawia na harufu ni kali ya uchachu, mafuta yamekaa miezi mingi na yamegeuka gundi ndani ya kabureta.

Hapo kabureta inapaswa kufunguliwa, na kazi hii inahitaji utulivu kuliko nguvu. Funga njia ya mafuta, piga picha ya springi na vifimbo vyote vilivyounganishwa na gavana (kidhibiti kasi cha injini) kabla ya kuvitoa, kisha shusha bakuli. Utaona kielea, sindano yake, na katikati jeti ya shaba, yaani kipande chenye tundu dogo la kupitisha mafuta, chenye mkato wa bisibisi. Itoe kwa bisibisi inayoenea vizuri, maana shaba ni laini na mkato ukiharibika jeti haitoki tena. Inyanyue kuelekea mwanga: tundu lake linapaswa kuonekana duara kamili. Ukiona nusu duara au giza, gundi imeziba. Loweka jeti katika dawa ya kusafishia kabureta, pitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme, kisha pulizia hewa. Waya wa chuma usitumike kamwe, kwa sababu hupanua tundu, na injini itakunywa mafuta kupita kiasi siku zake zote. Safisha pia vijitundu vidogo vya mwendo wa taratibu. Hivi vikiziba, injini huwaka lakini hupandisha na kushusha mlio bila kutulia.

Kisha plagi ya injini, ile inayotoa cheche. Ichomoe na uisome: ncha ya kahawia nyepesi ni afya, nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta mengi au hewa kidogo, iliyolowa oili ni dalili ya pete za pistoni au valvu zilizochakaa. Pengo lake katika injini nyingi za aina hii ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, lakini fuata kitabu cha jenereta yako.

Hapa mazingira ya Mwanza yana sehemu yake. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takribani asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo jenereta inayotoa wati 4,000 Dar es Salaam itatoa kama wati 3,500 hapa, na kiyoyozi kilichokuwa kikiwaka bila shida pwani kinaweza kuizima kinapoanza. Huo si ubovu. Zima friji na jiko la umeme kwanza, kisha washa kiyoyozi. Baadhi ya kabureta zina kirekebishi cha mwinuko; kisogeze kulingana na kitabu, na ukirudi pwani ukirudishe.

Jambo la pili ni vile vidudu vidogo vya ziwani vinavyopanda juu ya maji kwa makundi makubwa na kufuata taa usiku. Jenereta inayofanya kazi karibu na taa ya nje huvivuta ndani pamoja na hewa. Filta ya hewa huziba kwa usiku mmoja, na mapezi ya kupozea injini hujaa uchafu unaokauka na kushikamana na vumbi, hatimaye injini hupata joto na kuzima. Filta ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikaushwe, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi ibadilishwe. Mapezi yasafishwe kwa brashi laini na hewa. Zima pia taa ya upande ule. Ni dawa rahisi kuliko zote.

Injini inayowaka kisha ikazima baada ya sekunde chache ipimwe oili, gari likiwa mahali tambarare. Jenereta nyingi zina kihisio kinachozima injini oili inaposhuka, na katika mji huu wa vilima na mawe ni rahisi kuegesha gari likiwa limeinama kiasi cha kukidanganya kihisio hicho. Kwa mmiliki wa jenereta ya Cummins Onan, hesabu namna taa ya kitufe inavyometa: namba 36 (mara tatu, kisha mara sita) humaanisha injini imezimika yenyewe bila kuamriwa, na mara nyingi hukurudisha kwenye mafuta.

Sasa injini inanguruma sawasawa lakini umeme hautoki. Angalia kwanza kikatizi cha umeme kilichoko kwenye jenereta yenyewe, kwa sababu wengi hukagua cha ndani ya gari tu. Kikiwa kimewashwa, zima injini, toa tena waya hasi wa betri, na ufungue kifuniko cha brashi za kaboni, ikiwa jenereta yako inazo. Brashi ziteleze bila kukwama na ziguse pete za rota, yaani sehemu ya kizalishi inayozunguka. Pete zilizofanya weusi zisafishwe kwa msasa laini sana, kisha futa unga wote. Pima ukinzani kati ya pete hizo mbili: mita isiposoma chochote, waya wa rota umekatika, na kazi hiyo ni ya fundi wa kusuka koili.

Jenereta iliyokaa muda mrefu inaweza pia kupoteza sumaku kidogo inayobaki kwenye rota. Injini ikiwa imezimwa, chomoa soketi ya kidhibiti volti, ambacho mafundi hukiita AVR, kisha gusisha betri ya volti 12 kwenye brashi kwa sekunde mbili au tatu, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Rudisha soketi na ujaribu tena. Usipochomoa soketi unaweza kuiunguza AVR. Jenereta za inveta hazifanyiwi hivi. Ubao wake wa elektroniki ukifa hubadilishwa mzima.

Majaribio ya mwisho yafanywe kwa mikono mikavu na mita inayostahimili volti hizo. Jenereta ya mfumo wetu hutoa takribani volti 230 na hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Bila mzigo inaweza kufika hezi 51 au 52, na ikibeba mzigo isishuke chini ya 48. Jenereta za magari yaliyotoka Marekani hutoa volti 120 na hezi 60, na hazipaswi kupunguzwa kasi ya injini ili zifanane na umeme wa TANESCO, maana volti nazo hushuka na mota hupata joto. Ongeza mzigo hatua kwa hatua: taa, kisha friji, kisha kiyoyozi. Iache ifanye kazi nusu saa, izime, na ukague tena kila kiungio cha mafuta kwa kitambaa kikavu. Baada ya hapo iwashe kila mwezi kwa saa mbili ikiwa na nusu ya mzigo wake, na ikiwa gari litakaa miezi kadhaa bila kutumika, toa petroli yote iliyobaki ndani ya bakuli la kabureta.