Somo: Kutafuta RNA ya gametosaiti za malaria kwenye damu

Habari zenu wanamaabara. Hapa Kigoma dagaa wakichelewa kuanikwa, jioni huna kitu. RNA, nakala ya muda ya jeni ndani ya seli, nayo huharibika upesi hivyo hivyo, ndiyo maana nitakalia zaidi mwanzo, kabla ya mashine.

Tunatafuta gametosaiti za Plasmodium falciparum, hatua ya kimelea anayoichukua mbu. Zikiwa chache darubini huzikosa, lakini RNA ya jeni ya Pfs25 huzifichua.

1. Vaa glovu, ubadilishe kila ukigusa mlango, simu au uso. Ngozi ina ribonukleasi, kimeng'enya kinachokatakata RNA, na kuchemsha hakukimalizi. Pipeti za kazi hii zisiguswe kwa kazi nyingine.

2. Damu iingie kwenye chupa ya EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda. Heparini, nayo ya kuzuia kuganda, huzuia PCR, yaani kurudufu DNA kwenye mashine, karibu mara mbili kila mzunguko. Hapo hapo mbele ya mgonjwa, changanya kiasi na dawa ya kuhifadhi RNA. Usiseme utachanganya ukifika maabara. Nimeona kazi ya wiki nzima vijijini ikiharibika kwa joto la njiani, na wagonjwa walishachomwa sindano.

3. Toa RNA, pima mwanga inaounyonya: uwiano wa nanomita 260 kwa 280 uwe karibu 2.0, ishara kuwa ni safi.

4. Ondoa DNA kwa kimeng'enya kinachoikatakata. Usiruke! Pfs25 haina introni (vipande vya jeni vinavyoondolewa RNA ikitengenezwa), hivyo PCR huikuza DNA yake sawasawa na cDNA, yaani DNA iliyonakiliwa kutoka RNA.

5. Geuza RNA iwe cDNA kwa kimeng'enya kiitwacho rivasi transkriptezi, kisha PCR. Kila sampuli iwe na kichupa pacha kisichotiwa rivasi transkriptezi; kitakachotokea humo ni DNA iliyobaki.

Maswali

— Shikamoo mwalimu. Kwenye PCR sampuli imetokea mzunguko wa 29, pacha wake wa 31. Nikubali?
— Marahaba. Usikubali. Mizunguko 2 ni tofauti ya mara 4 tu, maana yake karibu robo ya ulichopima ni DNA. Rudia hatua ya 4.

— Sisi tuko Tabora, umeme ukikatika je?
— Friza usiifungue kabisa mpaka jenereta iwake.

— Mgonjwa kamaliza ALu, dawa ya malaria, homa imeisha, Pfs25 bado ipo. Dawa imeshindwa?
— Si lazima, ndugu yangu. ALu huua vimelea vinavyoleta homa. Gametosaiti zilizokomaa huweza kubaki siku kadhaa, hata wiki. Kama dawa imeshindwa utajua kwa kutafuta hatua nyingine za kimelea kwenye slaidi. Pfs25 inakuonyesha kwamba huenda mbu akimuuma bado ataondoka na malaria.