Klachi mpya: usiipandishe Lushoto na mzigo kesho yake

Hapa Mombo klachi zinakufa sana, maana ukiacha lami ya chini kwenda Lushoto ni mlima na kona kwa kama kilomita 33, na wengi wanapanda na saruji. Nikishafunga mpya, dereva haulizi kingine: "Fundi, naweza kupakia leo?" Hapana, kaka. Subiri.

Pleti, ile sahani ya klachi inayosugua, ikitoka kwenye boksi haijakaa sawa na flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Zinagusana kwenye vinundu vichache tu. Ukibebesha gari hapo hapo, vinundu hivyo ndivyo vinapokea nguvu yote ya injini. Vinaungua, uso wa pleti unang'aa kama kioo, na ukishang'aa haukamati vizuri tena. Gari linatetemeka kila unapoondoka. Unarudi kwangu kulalamika spea ni feki. Feki zipo, sikatai, lakini mara nyingi nikishusha giaboksi nakuta uso ule ule unaong'aa.

Kabla hujawasha, muulize fundi wako mambo matatu. Flaiwili ilikuwa na mikwaruzo au madoa ya bluu? Kama ndiyo, ilipaswa kwenda kuchongwa. Presha pleti, inayoibana pleti kwenye flaiwili, aliifuta? Mpya inakuja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, yanatolewa kwa petroli na kitambaa safi. Na grisi ya kwenye meno ya shafti ya giaboksi, pale pleti inapovaa, aliipaka kidogo au aliijaza? Ikizidi inarushwa kwenye pleti.

Sasa kuendesha. Utaambiwa uizoeze kwa kilomita 800 kabla ya kupakia, nami nakubali, ila kinachoilainisha klachi ni kushika na kuachia, si umbali. Ukitoka hapa ukanyoosha hadi Chalinze kwa gia ya tano, pleti imebanwa njia nzima, haijasuguliwa chochote. Heri uzunguke Korogwe mjini, stendi na sokoni, ukisimama na kuondoka. Ondoka na namba moja kila mara, resi ndogo, achia pedeli taratibu, na ikishashika toa mguu kabisa. Gari liwe tupu au na mzigo kidogo. Usivute gari la mwenzako, hata akuombe vipi. Harufu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Moshi si kawaida.

Baada ya hapo pakia, lakini ujue uwezo wa klachi unaishia wapi. Adui wa klachi ni joto, na joto linatokana na kuteleza. Ikishabana sawasawa haichakai. Inachakaa katika zile sekunde za katikati, unapoachia pedeli kabla haijashika, na mzigo mzito unazirefusha. Namwona dereva kwenye kona za kuelekea Soni anasubiri lori lishuke, kashikilia gari mlimani kwa kubalansi klachi, pedeli nusu, simu sikioni. Handbreki ipo! Ikianza kunuka, tafuta pa kusimama, weka gia huru, toa mguu kwenye pedeli, uache injini ingurume polepole mpaka klachi ipoe.

Ukitaka kujua kama inateleza, nenda tambarare, namba nne, mwendo mdogo, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Resi ikipanda na gari halifuati, inateleza. Jaribu mara moja tu, jaribio lenyewe linaichoma.

Kabla hujailaumu pleti, bonyeza pedeli kwa kidole. Pawe na uhuru kidogo kabla haijawa nzito. Toyota nyingi ni milimita 5 hadi 15. Pasipokuwa na uhuru kabisa, bearing inayoachia klachi inaisukuma muda wote na klachi mpya itateleza kama kuukuu. Halafu chungulia chini, pale injini inapoungana na giaboksi. Ukiona oili inadondoka, huenda sili ya nyuma ya kranki, mpira unaozuia oili ya injini isitoke, imekwisha. Pleti iliyolowa oili haisafishiki kwa petroli, na kuweka nyingine kabla ya kubadili sili ni kutupa hela.