Namna ya Kuomba Ushauri wa Ukuta na Bustani kwa Wenzako Mjini Lamu

Lamu haina uhaba wa watu wanaopenda kutunza nyumba na miti yao. Ukipita Mkomani au Langoni baada ya sala ya alasiri, barazani utawakuta wazee waliopaka kuta zao chokaa kwa miaka mingi, na katika nyua za ndani wamo akina mama wanaoijua asumini na mkilua kwa undani kabisa. Ushauri unapatikana, tena bure. Kazi iko katika kupata ule unaolingana na ukuta wako na udongo wako, na hilo humtegemea zaidi muulizaji kuliko mjibu. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata katika kazi yangu ya kukarabati nyumba za mawe na kupanda miti kwenye nyua zake.

Hatua ya kwanza: geuza malalamiko yawe swali

Ukisema "ukuta wangu unaharibika", kila mtu atakupa dawa aliyoizoea. Sema hivi badala yake: "Plasta ya ukuta wa chini inabanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, ilipigwa kwa saruji miaka mitatu iliyopita, kila baada ya masika hutoka unga mweupe, na nyuma ya ukuta huo pana choo." Swali la namna hii limebeba nusu ya jibu lake. Fundi akilisikia atashuku mara moja mambo mawili: maji yanayovuja chooni, na saruji yenyewe. Jiwe la matumbawe na chokaa hupitisha unyevu, ukaingia na kutoka bila madhara makubwa, lakini saruji ni nzito na huufungia unyevu ndani, kisha chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka ianguke.

Hatua ya pili: pima kabla ya kuondoka nyumbani

Hapa ndipo ninapowasihi watu wasiharakishe. Kwa ukuta, chora kwa penseli mstari mahali unyevu unapoishia, uandike tarehe kando yake, na urudi kuutazama baada ya mvua. Kisha bandika kipande cha plastiki kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakionekana upande wa ndani wa plastiki, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani; yakionekana upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumba, na dawa yake huenda ikawa dirisha tu.

Kwa bustani, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywewe, ulijaze tena, kisha upime maji yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita 2 hivi, mizizi ya mlimau itakosa hewa. Tia pia siki juu ya udongo mkavu: ukitoa povu, una chokaa nyingi, jambo la kawaida katika nyua zilizojaa vifusi vya kuta za zamani. Mwisho, yatazame majani yenyewe. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mti haupati madini ya chuma, na chokaa ya udongo ndiyo inayoyazuia. Majani ya zamani yakitangulia kuwa manjano, mara nyingi mti una njaa ya naitrojeni. Ncha zikiungua, shuku chumvi ya maji ya kisima.

Hatua ya tatu: chagua wa kumuuliza

Mtafute mtu ambaye hali yake ni sawa na yako. Bustani ya Shela imekaa juu ya mchanga. Ya mjini imekaa juu ya vifusi. Na kule Manda maji matamu ni adimu. Mkulima hodari wa Limuru atakushauri kwa nia njema uongeze chokaa kwenye udongo, kwa kuwa udongo wa kwao una asidi, na ushauri huohuo utaudhuru mlimau wa Lamu.

Hatua ya nne: nenda na ushahidi

Piga hodi, toa shikamoo, na usimkatishe mzee mazungumzo yake ili kuleta haja yako. Chukua picha kwenye simu, lakini chukua pia kipande cha plasta au tawi lenye majani, maana mkono wa fundi huona mambo ambayo picha haiyaonyeshi. Uliza alichokifanya yeye mwenyewe, si anachodhani kinafaa: chokaa ilikaa ndani ya maji muda gani kabla ya kutumiwa, karai ngapi za mchanga kwa karai moja ya chokaa, mchanga ulitoka wapi (wa ufukweni huja na chumvi yake), na kazi hiyo imevuka masika mangapi. Akikwambia utumie samadi ya punda, uliza ilioza kwa muda gani, kwa sababu ikiwa mbichi huunguza mizizi. Ukimtaka aje kwako aone, mlipe muda wake.

Hatua ya tano: ushauri ukigongana

Usihesabu kura. Muulize kila mmoja sababu, kisha uilinganishe na vipimo vyako. Yako pia mambo yasiyoamuliwa barazani: boriti iliyoliwa na mchwa, ufa unaozidi kupanuka, na nyaya za umeme huhitaji mtaalamu. Mji wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kubadili sura ya nyumba pitia kwanza ofisi ya Makumbusho.

Hatua ya sita: jaribu padogo

Piga plasta ya chokaa kwenye kiraka cha nusu mita kwa nusu mita, ukilowesha jiwe kwanza na kukikinga kisikaushwe haraka na upepo, na usiguse ukuta uliobaki mpaka masika yapite. Kwenye mlimau, badilisha jambo moja tu, usubiri majani mapya. Ya zamani hayatarudi kijani hata dawa ikiwa sahihi.

Hatua ya saba: rudisha habari

Rudi kwa aliyekushauri, hasa mambo yakienda kombo. Ikiwa kiraka kimebanduka, mpelekee kipande chenyewe autazame mgongo wake: kikiwa kimeng'oka na chembe za jiwe, ukuta ndio unaomomonyoka chini yake, kikiwa safi, plasta haikushika, na pengine jiwe halikuloweshwa vya kutosha.