Harusi ya Watu 300: Kulisha Ukumbi Mzima kwa Pesa ya Michango

Ukishateuliwa mwenyekiti wa kamati ya chakula na vinywaji, hongera na pole. Rangi ya mapambo watu wataisahau, ila aliyekosa kuku hasahau, na jina atakalolitaja ni lako. Mimi kazi hii nimeifanya Temeke na Mbagala kwa wapwa, majirani na watoto wa kanisani, kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya harusi za Dar es Salaam, za ukumbini, zinazoendeshwa kwa michango. Msimamo wangu nausema mapema: pesa haiokolewi kwa kubania nyama. Inaokolewa na anayekwenda sokoni na anayeshika upawa.

Anza na kadi, menyu itafuata. Kadi ya double ni vinywa viwili, ya single ni kimoja. Kamati ikikwambia zimetoka kadi 190, waulize zipi ni zipi, maana 110 za double na 80 za single ni watu 300 kamili. Kisha waongeze wasio na kadi: MC, DJ na vijana wake, matarumbeta, wapiga picha, wapambaji, madereva, walinzi wa ukumbi. Hao hufika 20 au 25 bila shida, na wameshinda hapo tangu mchana, njaa yao si ya mchezo. Watakuwepo pia waalikwa wasiotokea, hasa mvua ikinyesha au ukitokea msiba mtaani, lakini nafasi zao huzibwa na watoto waliokuja wamebebwa. Kwa kadi za watu 300 mimi hupikia 320.

Pesa nayo hesabu taslimu tu. Ahadi ya laki mbili aliyoitoa mjomba mbele ya kikao, watu wakapiga makofi, haijawa mchele bado. Taslimu ya mwanzo mwombe mweka hazina mnunulie visivyooza: mchele, mafuta, sukari, viungo. Kama harusi ni Desemba fanyeni hivyo mapema zaidi, kwa sababu msimu wa sikukuu kuku na mafuta hupanda bei kila siku na hakuna mfanyabiashara anayekuonea huruma.

Kabla ya ukumbi kulipiwa, muulize meneja mambo matatu: mnaruhusiwa kuingiza mpishi wenu? Mnaruhusiwa kuingiza vinywaji vyenu, na kama kuna ada, ni kwa kreti au kwa jumla? Na jiko liko wapi, kuna maji? Kuna kumbi zinazoonekana rahisi hadi mtakapolipishwa kwa kila kreti inayopita mlangoni. Majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Sasa menyu. Kamati itataka vyakula kumi na viwili kwa sababu walikwenda harusi fulani wakaviona. Kataa kwa upole. Kila chakula kinachoongezeka ni sufuria jingine, mkaa mwingine na msaidizi mwingine, na mgeni anachota vyote hata asivyovila. Mimi huweka pilau ya nyama, wali mweupe, kuku wa kukaanga, maharage ya nazi, ndizi za kupika, mboga moja ya majani, kachumbari na tikiti. Wali mweupe na maharage ndivyo vinavyoikinga pilau isiishe, na wasiokula nyama wanapata shibe bila kupikiwa peke yao. Biriani ni tamu, lakini inakula vitunguu, mafuta na mtindi kuliko mfuko wa michango unavyoweza. Chipsi zikikaa nusu saa zinalegea. Saladi ya mayonezi kwa joto la Dar usiilete kabisa.

Kama familia ni za Uchagani, ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, itakuwepo na si juu yako. Mwambie tu mpishi amweke mtu mwenye kisu kikali wa kumkatakata yule mbuzi mara baada ya wakwe kukabidhiana, azungushwe mezani angali wa moto. Na kwa vile ukumbi wowote wa Dar una Waislamu na Wakristo, hakikisha wanyama na kuku wote wamechinjwa na Mwislamu. Mwenyekiti wa sherehe akiulizwa, ajibu bila kigugumizi.

Vipimo vyangu ni hivi. Penye vyakula vingine mezani, kilo moja ya mchele inatosha watu saba. Kwa watu 320 ni kilo 46: 30 za pilau, 16 za wali mweupe. Nyama ya pilau, kilo 18 zenye mifupa kidogo, pamoja na viazi kilo 10 ndani yake. Kuku wa kisasa wa kilo moja na robo hukatwa vipande vinane. Kuku 44 ni vipande 352, yaani kipande kwa kila mtu na ziada ya 32 ambayo nitaieleza. Maharage kilo 12. Kachumbari, nyanya kilo 15 na vitunguu kilo 8. Tikiti kubwa 16, kila moja vipande 20. Mafuta ya kupikia chukua dumu la lita 20. Yakibaki mpishi atakushukuru, yakipungua usiku hakuna duka.

Mchele nenda soko la nafaka Tandale, na usinunue kwa kuuangalia. Nunua kilo moja moja kwa wauzaji wawili watatu, nenda nyumbani kapike kila mmoja peke yake kwa kipimo kilekile cha maji. Mchele mpya, uliotoka shambani juzi, unanukia vizuri lakini unashikana na pilau inakuwa bokoboko. Unaotaka ni uliokaa ghalani kidogo: punje inarefuka, ukiibonyeza kwa vidole inakatika vipande na haipondeki. Ukiupata, rudi siku hiyohiyo uchukue kilo zote kwenye gunia lilelile uliloonja, ukisimama hapo linaposhonwa. Mimi husimama.

Kuku usisubiri bei ya Kisutu au Shekilango. Tafuta mfugaji wa mtaani umwekee oda wiki sita kabla, vifaranga ndiyo kwanza vinaingia bandani, umlipe sehemu ya pesa. Nyama fuata machinjio ya Vingunguti alfajiri ya siku yenyewe, na mtu anayejua kuchagua. Mboga na nyanya mimi huchukua Temeke Stereo kwa kuwa ni jirani, ndizi nafuata Mabibo. Viungo vya pilau nunua vizima Kariakoo, bizari nyembamba, mdalasini, hiliki, karafuu na pilipili manga, ukaange na kutwanga mwenyewe. Vile vya unga vya kwenye pakiti hujui vimechanganywa na nini.

Mpishi wa kulipwa kwa sahani ana raha zake, ila unamlipia faida ya kila kitu. Nafuu ni mama mpishi mwenye masufuria na wasaidizi wake, wewe ukaleta vitu na kumlipa ufundi. Mchague kwa kula alichopika kwenye shughuli ya mtu. Na mkubaliane kwamba kilo 30 za pilau zinapikwa kwenye masufuria matatu, kila moja mekoni pake, na makaa juu ya mfuniko. Akikwambia anazo nguvu za kuzipika zote kwenye sufuria moja, tafuta mwingine. Chini itaungua na katikati itabaki na kiini.

Muda ndio unaowatesa wengi. Kadi inasema saa 12 jioni, wageni wanafika saa 2, maharusi wanaingia wakicheza, keki, kugonganisha glasi, zawadi, na chakula kinafunguliwa saa 4 usiku. Pilau iliyoiva saa 9 alasiri haifai saa 4. Iingie motoni saa 12 jioni, kuku wakaangwe kuanzia saa 1, kachumbari ikatwe saa 3, chumvi na ndimu zitiwe dakika za mwisho.

Kugonganisha glasi kuna maana kwako: kila mgeni lazima awe na kinywaji mkononi kabla ya kula, kwa hiyo raundi ya kwanza itaondoka yote kwa mpigo. Raundi hiyo ifanye juisi. Ukwaju kilo moja unatoa lita nane hadi kumi, na kilo 7 na sukari kilo 6 zinajaza glasi 300 ndogo kwa gharama ambayo kreti za soda haziifikii. Maji yake yachemshwe siku iliyotangulia. Baada ya hapo ni tiketi, mbili kwa mtu, zinazotolewa mlangoni pamoja na kukata kadi. Kwa ukumbi ambao theluthi moja wanakunywa bia, hesabu bia tatu kwa kila mnywaji na soda mbili kwa wengine: bia 300 na soda 400, na hizo soda peke yake ni kreti 17 za chupa 24. Umeona tiketi ni mbili na bia ni tatu; ya tatu ni ya meza ya wakwe na ya wale wajomba ambao huwezi kuwaambia wameishiwa. Maji chupa ndogo moja kwa kila kichwa. Chukua vyote depo kwa makubaliano ya maandishi kwamba chupa zisizofunguliwa zinarudishwa. Shampeni mbili za meza kuu zinatosha, wengine watapiga makofi.

Tumefika kwenye upawa. Bufee ambayo kila mtu anajichotea kuku inaishia meza ya kumi na mbili. Pilau, wali, maharage, wajichotee watakavyo. Kwenye kuku weka shangazi mmoja asiyecheka ovyo, asiye na shoga ukumbini, mwenye koleo la kushikia chakula. Kipande kimoja, sahani inapita. Anayeomba cha pili ajibiwe, "Subiri meza zote zile, baba, utaitwa." Vijana wa kamati usiwaweke hapo, watawajazia rafiki zao. Meza ziitwe na MC kwa namba kutoka kwenye karatasi uliyompa wewe.

Na jikoni uwe na mtu wako. Kuku wakitoka kwenye mafuta wahesabiwe mbele yake wakiingia kwenye hotipoti, kisha ziada ya vipande 32 ifungwe pembeni pamoja na sufuria dogo la pilau, funguo ukae nazo. Humo ndimo watakula wapiga picha, matarumbeta na kamati yenyewe, ambayo kwa kawaida hulala njaa ikiwahudumia wengine. Chakula hicho usikifungue mpaka meza ya mwisho iwe imeshapita, hata akija nani.

Ikibaki pilau, usiigawe kwenye mifuko usiku uleule kukiwa na giza na kelele. Funga masufuria, mpeleke nyumbani kwa mama wa bwana au bibi harusi, wagawe wenyewe asubuhi baada ya kuipasha. Wewe asubuhi hiyo una safari ya depo: hesabu chupa tupu na zilizojaa kabla gari halijaondoka, chukua pesa ya kreti zilizorudi, mmalizie mama mpishi chake, na risiti zote umkabidhi mweka hazina kabla ya kikao cha kuvunja kamati.